NYOTA ZINAZOJAA NA KUPWA: JINSI YA KUZITAMBUA KWA GRAFU YA MWANGAZA WAKE

 Katika toleo la mwaka huu tunapenda tuwaletee somo la falaki ambalo halihitaji fedha nyingi wala chombo cha bei kubwa. Linahitaji macho, kalamu, daftari na subira. Nalo ni somo la nyota ambazo mwangaza wake huongezeka na kupungua kwa mpango maalumu, na namna mtu anavyoweza kuijua aina ya nyota hizo kwa kuchora grafu ya mwangaza wake.

Sisi tuliokulia pwani tunayajua maji kujaa na kupwa. Mgeni akifika ufukweni mara moja tu, akayakuta maji yako katikati, hawezi kujua kama bahari inajaa au inakupwa. Lakini mvuvi aliyeitazama bahari siku nyingi anajua maji yalipo leo, yatakapokuwa kesho, na siku ya bamvua. Tofauti yao haiko katika macho. Mmoja ametazama mara moja, na mwingine ametazama mara nyingi akahifadhi alichokiona. Na nyota ni hivyo hivyo. Kwa kuitazama usiku mmoja huwezi kuijua tabia yake.

Huenda msomaji akauliza: kuna faida gani kuijua aina ya nyota? Jibu ni kwamba nyota hizi ndizo kamba ya kupimia umbali wa mbinguni. Na kama tutakavyoona mwishoni, wataalamu walipochanganya aina mbili za nyota hizi, walikosea umbali wa galaksi nyingine zote, na kosa hilo lilikaa kwa zaidi ya miaka ishirini.

MADARAJA YA MWANGAZA

Tangu zamani wataalamu walizigawa nyota zinazoonekana kwa macho katika madaraja sita. Zile zing'aazo sana ziliitwa za daraja la kwanza, na zile hafifu kabisa za daraja la sita. Mtaalamu Abdurrahman al-Sufi, katika kitabu chake cha nyota alichokiandika karibu na mwaka 964, alizipitia upya nyota zilizoorodheshwa na Ptolemy na kuandika daraja la kila moja kama alivyoiona yeye mwenyewe.

Mpango huo unatumika hadi leo, ila sasa unapimwa kwa desimali. La kuzingatia ni kwamba namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi. Nyota ya daraja la 3.5 inang'aa kuliko ya 4.4. Tofauti ya daraja moja ni sawa na mwangaza kuzidi mara mbili na nusu hivi, na tofauti ya madaraja matano ni mara 100 kamili.

VIJANA WAWILI WA MJI WA YORK

Katika mji wa York, Uingereza, walikuwapo marafiki wawili majirani, Edward Pigott na John Goodricke. Goodricke alizaliwa mwaka 1764, na alikuwa kiziwi tangu utotoni. Kazi yao ilikuwa kulinganisha nyota moja na nyota za jirani yake, usiku baada ya usiku, na kuandika.

Kwanza Goodricke aliishughulikia nyota ya Algol, ambayo jina lake ni la Kiarabu, Ra's al-Ghul, yaani kichwa cha zimwi. Aligundua kwamba mwangaza wake hupungua kila baada ya siku 2 na saa kama 21, na mwaka 1783 akatoa rai kwamba huenda kuna kitu cheusi kinachoizunguka na kuikinga. Leo tunajua kuwa alikuwa karibu sana na ukweli: Algol ina mwenziwe hafifu anayepita mbele yake. Kwa kazi hiyo alitunukiwa nishani ya Copley akiwa na umri wa miaka 19 tu.

Septemba mwaka 1784 Pigott aliona kuwa nyota ya Eta Aquilae inabadilika. Mwezi uliofuata Goodricke akaona mabadiliko kama hayo katika Delta Cephei. Hizi mbili hazikufanana na Algol hata kidogo. Algol hukaa na mwangaza wake karibu wakati wote, kisha hupungua kwa saa kama kumi na kurudi ilivyokuwa. Delta Cephei haitulii. Huongezeka mwangaza kwa kama siku moja na nusu, kisha hupungua polepole kwa karibu siku nne, na baada ya siku 5 na saa 9 hivi huanza tena.

Goodricke alifariki Aprili 1786, hajatimiza miaka 22. Lakini aina ya nyota aliyoiona inaitwa mpaka leo kwa jina la nyota yake: Sefeidi.

KWA NINI NYOTA IPWITE?

Sefeidi haikingwi na kitu. Nyota yenyewe inapwita kama moyo: inatanuka na kusinyaa.

Tuchukue mfano wa sufuria yenye kifuniko. Maji yakichemka, mvuke hujikusanya chini ya kifuniko mpaka ukakiinua. Kifuniko kikiinuka, mvuke hutoka, nguvu hupungua, nacho hushuka tena. Ndani ya Sefeidi kuna tabaka la gesi ya heliamu linalofanya kazi ya kifuniko. Tabaka hilo likibanwa na kupata joto, heliamu hupoteza elektroni zake zote mbili na kuwa nzito kupenyeka. Joto linalotoka ndani hukwama hapo, hujikusanya na kuisukuma nyota itanuke. Ikishatanuka, tabaka hupoa, heliamu hurudishiwa elektroni moja, na joto hupata njia ya kutoka. Hapo uzito wa nyota huivuta irudi ndani, na mambo huanza upya.

Wengi hudhani nyota hung'aa zaidi inapokuwa kubwa zaidi. Sivyo. Mwangaza tunaouona kwa macho hutegemea zaidi joto la uso wake kuliko ukubwa, na Sefeidi hufikia kilele cha mwangaza wakati uso wake una joto na bado unatanuka.

Hali kadhalika, nyota kubwa yenye mwangaza mwingi hupwita polepole, na ndogo hupwita haraka, kama bembea ya kamba ndefu inavyochukua muda mrefu kwenda na kurudi kuliko ya kamba fupi. Jambo hili ndilo lililowapa wanafalaki kamba ya kupimia, kama tutakavyoeleza.

HATUA ZA KUCHORA GRAFU

Tutumie mfano wa Eta Aquilae, kwa sababu sisi tulio karibu na ikweta tumejaliwa kuiona vizuri kuliko Pigott aliyeigundua. Miezi ya Agosti hadi Oktoba, baada ya sala ya Isha, itafute nyota ya Altair, ambayo jina lake ni la Kiarabu pia, an-Nasr at-Ta'ir, yaani tai arukaye. Ukiwa umeelekea kaskazini, Altair itakuwa juu sana mbele yako, na Eta itakuwa juu zaidi yake, karibu na utosi. Umbali baina yao ni pungufu kidogo ya upana wa ngumi uliyoinyoosha mbele ya uso. Ramani yoyote ya nyota itakuonyesha majirani zake.

Kwanza: Linganisha. Chagua nyota za jirani ambazo mwangaza wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Kwa Eta tunatumia Delta Aquilae (daraja 3.4), Beta Aquilae (3.7) na Iota Aquilae (4.4). Ukiona Eta ni hafifu kuliko Beta lakini inaizidi Iota, na iko katikati yao, andika 4.0 au 4.1. Macho yaliyozoea hukosea kwa kama sehemu moja au mbili za kumi, na hilo halidhuru kwa sababu Eta hubadilika kutoka 3.5 hivi hadi 4.4 hivi.

Pili: Andika tarehe, saa na namba papo hapo. Usingoje asubuhi.

Tatu: Rudia kwa wiki kadhaa. Usiku wa mawingu acha nafasi tupu.

Nne: Tafuta kipindi, yaani muda kutoka kilele kimoja mpaka kinachofuata. Kwa Eta ni siku 7.18, yaani siku 7 na saa 4 na dakika kidogo. Njia nzuri ni kuhesabu siku baina ya vilele viwili vilivyo mbali na kugawa kwa idadi ya mizunguko iliyopita. Ukihesabu hivyo kwa mizunguko kumi, kosa lako la saa kumi huwa saa moja tu.

Tano: Ikunje grafu. Usiku mmoja hukupa nukta moja, na hizo hazitoshi kuonyesha umbo la mzunguko mmoja. Kwa hiyo tunakusanya nukta za mizunguko yote juu ya mzunguko mmoja. Mathalan, umetazama siku 23 baada ya kilele. Gawa 23 kwa 7.18, utapata 3.20. Ile 3 ni mizunguko iliyokwisha, iache. Ile 0.20 ndiyo awamu, yaani nyota imemaliza sehemu mbili za kumi za mzunguko wake. Weka nukta yako kwenye 0.20. Fanya hivyo kwa kila usiku, huku daraja ukiliandika wima na namba ndogo ikiwa juu. Kidogo kidogo nukta zilizotawanyika zitajipanga na umbo litajitokeza.

ALAMA ZA KILA AINA

Umbo likishajitokeza, tunajiuliza maswali matatu: kipindi ni kirefu kiasi gani, mabadiliko ni makubwa kiasi gani, na umbo lina sura gani?

(a) Sefeidi. Kipindi chake huwa siku moja hadi kama siku 100. Mabadiliko kwa kawaida hayazidi daraja moja na nusu hivi. Umbo ni kama jino la msumeno: kupanda ni kwa ghafla na kushuka ni kwa polepole. Zenye kipindi cha siku saba hivi, kama Eta, huwa na kinundu upande wa kushuka. Kipindi kikikaribia siku kumi kinundu husogea mpaka karibu na kilele, na kikizidi hapo huhamia upande wa kupanda. Mwanafalaki Ejnar Hertzsprung aliueleza mpangilio huo mwaka 1926.

(b) RR Lyrae. Nazo zina jino la msumeno, lakini kipindi ni chini ya siku moja. RR Lyrae yenyewe huchukua saa 13 na dakika 36 hivi. Wapo ndugu zao ambao mabadiliko yao ni madogo na umbo ni la wimbi laini la mviringo. Nyota hizi ni kongwe, na hupatikana kwa wingi katika vishada vya nyota za zamani.

(c) Mira. Kipindi ni kama siku 80 hadi 1,000, na mabadiliko huzidi madaraja mawili na nusu. Mira yenyewe, aliyoiona David Fabricius mwaka 1596, hutoka karibu daraja la 3 ikafika la 9, yaani ikapotea kabisa machoni, na kurudi baada ya siku 332 hivi.

(d) Zinazokingwa, kama Algol. Hizi hazipwiti. Grafu yake ni tambarare yenye shimo au mashimo. Kushuka na kupanda hufanana, kama mtu aliyepita mbele ya taa.

MITEGO MIWILI

Wa kwanza ni mtego wa saa ile ile. Tuseme umepata darubini ndogo ya macho mawili na unaitazama RR Lyrae kila usiku saa mbili kamili. Baina ya usiku mmoja na mwingine nyota imepwita mara moja na robo tatu hivi. Kila usiku utaikuta nyuma kidogo ya pale ulipoiacha katika mzunguko wake. Ukiunganisha nukta zako utapata nyota yenye kipindi cha siku nne na robo, na utasema umepata Sefeidi! Lakini itazame vizuri grafu hiyo: inapanda polepole na kushuka ghafla. Jino la msumeno limegeuzwa, kwa sababu umeusoma mzunguko kinyumenyume. Dawa yake ni kutazama kwa saa tofauti, na usiku mwingine kutazama mara tatu au nne.

Wa pili ni mtego wa kuandika unachotarajia. Tulipoanza kuitazama Eta Aquilae, mmoja wetu alizuiwa na mawingu usiku mmoja. Akaona haya kuacha nafasi tupu katika daftari, na kwa kuwa jana yake nyota ilikuwa inapanda, akaandika namba ya kupanda. Tulipoikunja grafu, nukta nyingine zilikaa katika mstari na ile moja ikasimama peke yake juu hewani. Nyota ilikuwa imeshapita kilele na inashuka. Hakuna aliyemtuhumu. Alisema mwenyewe, tukaifuta, na tangu hapo nafasi tupu katika daftari letu hazimtii mtu haya. Kipimo ni amana. Kosa la jicho husameheka kwa kuwa nukta nyingine hulisahihisha. Namba ya kubuni huiharibu kazi ya wenzako wote, na wala hawajui.

KOSA LILILOPUNGUZA ULIMWENGU NUSU

Sasa turudi kwenye ile kamba ya kupimia. Bibi Henrietta Leavitt wa kituo cha falaki cha Harvard, Marekani, ambaye naye alipoteza uwezo wa kusikia, alizichunguza picha za Mawingu ya Magellan zilizopigwa nchini Peru. Mwaka 1908 alitoa orodha ya nyota 1,777 zinazobadilika. Mwaka 1912, kwa nyota 25 za Wingu Dogo, alithibitisha kwamba yenye kipindi kirefu ndiyo yenye mwangaza mwingi. Kwa kuwa zote ziko katika wingu moja, umbali wake na sisi ni karibu sawa, hivyo tofauti ya mwangaza ilikuwa ya nyota zenyewe.

Faida yake ni hii. Ukiona taa gizani hujui kama ni chemli iliyo karibu au karabai iliyo mbali. Lakini ukijua kwa yakini kuwa ni karabai, basi kwa kuona ilivyofifia unaweza kukisia umbali wake. Kipindi cha Sefeidi ndicho kinachokuambia taa ni ya nguvu gani.

Oktoba 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini ya inchi 100 ya Mount Wilson, aliona nukta mpya katika picha ya Andromeda. Akaiandika kuwa ni nyota iliyolipuka. Alipoilinganisha na picha za nyuma aliona inapanda na kushuka, akaifuta ile alama na kuandika kuwa inabadilika. Grafu yake ilikuwa ya Sefeidi yenye kipindi cha siku 31 na ushei. Akapata umbali wa karibu miaka ya nuru 900,000, na kwa nukta hiyo moja ikajulikana kuwa Andromeda ni galaksi nyingine, nje kabisa ya galaksi yetu.

Lakini palikuwa na kosa. Sefeidi ziko za makundi mawili. Zipo changa na nzito, na zipo kongwe na nyepesi ambazo, kwa kipindi kile kile, mwangaza wake ni kama robo tu ya zile changa. Katika kutengeneza kipimo, makundi hayo yalichanganywa. Walter Baade alianza kuyatenganisha makundi ya nyota changa na kongwe katika miaka ya vita, na mwaka 1952, katika mkutano wa wanafalaki mjini Rome, alitangaza kwamba umbali wa galaksi unapaswa kuongezwa mara mbili. Hesabu yake ni nyepesi: taa ikiwa na nguvu mara nne ya ulivyodhani, basi iko mbali mara mbili ya ulivyodhani. Leo umbali wa Andromeda unakadiriwa kuwa miaka ya nuru milioni mbili na nusu.

Hubble hakukosea kutazama wala kuhesabu. Karabai ilipimwa kwa kipimo cha chemli. Ndiyo maana siku hizi haitoshi kusema "hii ni Sefeidi". Umbo la grafu huchunguzwa kwa undani, pamoja na mahali kinundu kilipo, maana zile kongwe hazifuati mpangilio tuliouelezea, na huangaliwa pia nyota iko sehemu gani ya galaksi.

HITIMISHO

Leo kazi hii hufanywa pia na kompyuta. Chombo cha Gaia cha nchi za Ulaya, kilichorushwa Desemba 2013 na kumaliza uchunguzi wake Januari 2025, kimetoa orodha ya Sefeidi zipatazo 15,000 na nyota za aina ya RR Lyrae zipatazo 270,000. Lakini maswali ambayo kompyuta huulizwa ni yale yale: kipindi, ukubwa wa mabadiliko, na umbo.

Kwa hiyo tunawausia wenzetu, Altair itakapopanda juu mwaka huu, kila darasa lichague watazamaji wawili au watatu. Waanze na Eta Aquilae. Watazame kila mmoja peke yake bila kuulizana, waandike kwa siku arubaini, kisha waikunje grafu yao pamoja. Wakiliona jino la msumeno limejitokeza katika nukta zao wenyewe, watakuwa wameona kile walichokiona wale vijana wawili wa York mwaka 1784. Na zile nafasi tupu za mawingu waziache kama zilivyo.